Mshahara mdogo: Je, muuguzi atabaki zahanatini?

JE, msomaji, umewahi kufika zahanati ukiwa na mtoto mwenye homa kali ukakuta mlango umetiwa kufuli, na mlinzi akakueleza kwamba "daktari" amekwenda mjini kufuatilia mshahara wake? Kwa aliye Nairobi au Mombasa huo ni usumbufu tu, kwani kliniki nyingine iko ng'ambo ya barabara. Kwa aliye Wenje, kando ya Mto Tana kati ya Hola na Garsen, safari ya kutafuta mlango mwingine ulio wazi yaweza kumaliza siku nzima. Mvua ikinyesha, hata hiyo safari haipo.

Huyo tunayemwita daktari, mara nyingi ni muuguzi. Katika zahanati za mashambani yeye ndiye anayepima malaria, kutoa dawa, kuchanja watoto, kuangalia jokofu la chanjo, kufunga vidonda vya aliyeumwa na mamba, kuandika ripoti za mwisho wa mwezi na kuzalisha akina mama usiku kwa mwanga wa tochi. Akiondoka, hakuna wa kushika nafasi yake.  Mama anayevuja damu baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Sindano ya kuzuia damu hiyo si ghali, lakini lazima awepo wa kuidunga.

Ndiyo maana wiki hii tunauliza: Je, muuguzi ataendelea na kazi hii ikiwa malipo yake ni duni?

Wapo wanaosema uuguzi ni wito. Ni kweli, lakini wito haulipi karo. Tena wanaosema hivyo huwa ni watu ambao mishahara yao hufika kwa wakati.

Kwanza uelewe jinsi muuguzi wa serikali anavyolipwa. Kuna mshahara wa msingi, kisha marupurupu: ya nyumba, ya kukabiliwa na hatari za kazi, ya sare, na kwa aliye katika maeneo magumu kama Tana River, marupurupu ya mazingira magumu. Ukiondoa hayo marupurupu, kinachobaki ni kidogo. Kwa sababu hiyo ugomvi mwingi kati ya wauguzi na waajiri wao huhusu marupurupu. Mgomo wa 2017 ulianza Juni na haukumalizika hadi Novemba, takriban miezi mitano, na hospitali za umma zikawa kama mahame. Makubaliano yaliyoumaliza yalikuwa na marupurupu ya huduma ya uuguzi ya shilingi 20,000 kwa mwezi, yakiongezwa hatua kwa hatua. Kufikia Februari 2019, wauguzi wa kaunti kadhaa waligoma tena, wakisema kaunti zao hazijatimiza ahadi hiyo.

Neno "kaunti" hapo lina uzito. Hadi 2013 wauguzi wengi wa umma walikuwa watumishi wa Serikali Kuu. Ugatuzi ulipoanza mwaka huo, walihamishiwa kaunti, na kaunti hutegemea fedha zinazotoka Hazina ya Kitaifa. Fedha hizo zikichelewa, mshahara nao huchelewa. Mshahara mdogo unaofika tarehe ile ile kila mwezi mtu anaweza kuupangia. Mshahara usiojulikana utafika lini humfanya akope dukani, na mwenye duka ndiye huyo huyo anayemletea mtoto wake atibiwe. Ni vigumu kuheshimika namna hiyo.

Pia kuna walioajiriwa 2020 kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Walifanya kazi sawa na wenzao wa kudumu, katika wodi zile zile, kwa malipo ya chini zaidi. Mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Afya House, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu.

Basi, wanaondoka? Baadhi yao, ndiyo. Uchunguzi wa kumbukumbu za baraza la wauguzi ulionyesha kwamba kati ya 1999 na 2007, karibu asilimia 6 ya wauguzi wa Kenya waliomba hati za kuwawezesha kufanya kazi ng'ambo, wengi wakielekea Marekani na Uingereza. Wengi wao walikuwa wenye mafunzo ya juu. Julai 2021 Serikali yenyewe ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi huko.

Lakini usidhani zahanati yako imebaki tupu kwa sababu muuguzi amekwenda London. Wengi hawaachi uuguzi wala nchi. Wanaacha kijiji. Muuguzi huhamia hospitali kubwa ambako wenzake wapo, kuna stima, kuna shule nzuri ya watoto na kuna nafasi ya kusoma zaidi. Kwa vitabu vya Wizara, hakuna aliyepotea. Kwa mama wa Wenje, amepotea kabisa.

Vilevile kuna jambo linalowashangaza wengi: nafasi tupu na wauguzi wasio na kazi huonekana kwa pamoja. Zamani aliyehitimu alipewa kazi na Serikali mara moja. Katika miaka ya 1990 ajira zilibanwa kwa masharti ya wafadhili, na tangu wakati huo wapo waliohitimu wakakaa nyumbani miaka kadhaa. Mwaka 2009 Serikali iliamua kuajiri wauguzi 20 katika kila eneo bunge, na wakati huo maeneo bunge yalikuwa 210. Watu walipatikana. Waliokosekana awali walikuwa wa kuwalipa.

Ni nini basi kitamfanya abaki? Utafiti uliochapishwa 2010 uliwauliza wauguzi wa Kenya, Afrika Kusini na Thailand wangekubali kazi ya mashambani kwa masharti gani. Wa Kenya waliweka mbele mambo mawili: nafasi ya kwenda masomoni mapema, na marupurupu ya mashambani. Fedha basi zina nguvu, lakini si peke yake. Nyumba ya kuishi karibu na zahanati ni muhimu pia, hasa kwa anayeamshwa usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani liliongeza mwaka huo huo kwamba aliyelelewa mashambani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko.

Hilo la mwisho liangalie kwa makini, msomaji mwenye binti anayesoma. Stashahada ya uuguzi katika vyuo vya KMTC, vikiwemo vya Garissa, Kilifi na Mombasa, huhitaji wastani wa C katika mtihani wa KCSE, pamoja na alama nzuri za Baiolojia na lugha. Binti wa Wenje akihitimu, hahitaji kubembelezwa akubali joto, mbu na lugha ya Kipokomo au Kiorma. Ila naye atataka mshahara wake ufike.

Kamati ya zahanati ni yenu. Iulizeni muuguzi wenu anakaa wapi, na kama yuko peke yake, nani hushika zamu akienda likizo. Sheria ya 2023 inaruhusu vituo vya afya vya umma kutumia mapato yao vyenyewe. Ulizeni kiasi gani kimetumika kurekebisha nyumba yake au kununua taa ya sola. Suala la mshahara lipelekeni kwa mwakilishi wenu katika bunge la kaunti, kwa barua, si kwa maneno ya barazani.

Na wewe mja mzito, usingoje uchungu uanze ndipo ujue kama zahanati ina mtu. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara ya Garissa, Hola na Garsen. Tarehe yako ikiangukia majira ya mvua, nenda ukakae na jamaa karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla. Ukitokwa na damu, ukivimba uso na mikono, ukiumwa na kichwa sana huku macho yakiona kiwingu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, ondoka siku hiyo hiyo. Weka akiba ya nauli ya bodaboda au mtumbwi, na namba ya simu ya muuguzi iandikwe mahali ambapo hata jirani ataiona.