Uchaguzi wa Pedeli Bapa kwa Mwenye Fedha Haba

Mwendesha baiskeli hugusana na chombo chake mahali patatu: mikono yake huushika usukani, makalio hukaa juu ya kiti, na nyayo hukanyaga pedeli, walakini mara aanzapo kuteremka njia ya mlimani, yenye mawe yaliyochomoza na mizizi iliyotambaa, hukiacha kiti na kusimama, na tangu hapo takriban uzito wake wote huwa umebebwa na vipande viwili vya plastiki au madini ambavyo aghalabu hakupata kuvifikiri hata siku moja. Baiskeli nyingi za bei ya kati huuzwa zikiwa na pedeli dhaifu, zilizotiwa ili mnunuzi apate tu kuondoka dukani akiwa amepanda, na nyingi katika zile za bei kubwa huuzwa bila ya pedeli kabisa, kwa kuwa mtengenezaji anajua kwamba katika jambo hili kila mtu ana hiari yake. Kwa hiyo yeyote apendaye kuipanda baiskeli yake katika vilima vya Ngong, au katika njia za Lushoto kwenye milima ya Usambara, au miongoni mwa majabali ya Hell's Gate, ile hifadhi ya taifa ya Kenya ambamo watu wameruhusiwa kutembea kwa baiskeli, hana budi kuuliza siku moja anunue pedeli gani, na atoe kiasi gani. Makusudio ya makala haya ni kumjibu yule ambaye fedha zake ni za kuhesabu.

Pedeli za baiskeli ya milimani ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile inasayo kiatu kwa kipande cha chuma kilichofungwa chini ya soli, ambayo kampuni ya Shimano ya Japani iliieneza katika mchezo huu kuanzia mwaka 1990 ilipotoa mfumo wake uitwao SPD. Ya pili ni pedeli bapa, yaani kibao kipana chenye pini pande zote mbili, ambacho mguu hukikanyaga na kukiacha wakati wowote upendao. Wako wanaodhani kwamba pedeli bapa ni ya wanagenzi, na kwamba mtu akishakuwa stadi hana budi kuihama. Lakini dhana hiyo aliivunja Sam Hill wa Australia, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka milima mwaka 2006, 2007 na 2010, kisha akawa bingwa wa mashindano ya Enduro World Series miaka mitatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, miguu yake ikiwa huru juu ya pedeli bapa ilhali wengi wa washindani wake walikuwa wamenaswa viatu. Amma mwenye fedha haba anayo sababu nyingine ya kuzipendelea: pedeli za kunasa humlazimisha kununua viatu vyake maalumu, na pedeli bapa hazimshurutishi hivyo.

Kazi ya pedeli bapa ni moja, nayo ni kukizuia kiatu kisiteleze. Baiskeli irukapo juu ya jiwe, uzito wa mwendeshaji hupungua ghafla miguuni mwake, na kinachoushika mguu katika nukta hiyo ni ncha za pini zilizozama katika raba ya soli, zikisaidiwa na mwendeshaji mwenyewe ashushapo visigino vyake, ili kila pigo la jiwe linaloirudisha baiskeli nyuma liukaze mguu juu ya pedeli badala ya kuutupa mbele. Tukilishika jambo hili, tumepata mizani ya kupimia kila pedeli iliyotundikwa dukani: chochote kisichosaidia kushika wala kudumu ni pambo, na pambo halikosi bei. Rangi ya zambarau na urembo wa kuchongwa ni mambo ambayo mwenye fedha haba anaweza kuyapita bila ya kugeuza shingo.

Na tuanze basi na pini, kwa kuwa ndizo meno ya pedeli. Zipo zilizofinyangwa pamoja na kibao chenyewe kwa plastiki ileile. Hizi hulika upesi, na zikishalika hazina badali, na katika tope haziwezi kazi. Zipo za chuma zilizotiwa kwa juu, ambazo tundu la kuingizia ufunguo wa pembe sita liko kwenye ncha ileile inayogonga mawe, kiasi kwamba mgongano mmoja na mwamba hutosha kuliharibu tundu, na tangu hapo pini haitoki ila kwa koleo na subira ya Ayubu. Na zipo za chuma zilizotiwa kwa upande wa chini, zikakipenya kibao na kutokeza upande wa pili, ambazo vichwa vyake vimezama na kusitirika. Hizi, hata ncha zikipinda au zikakatika, hufunguliwa kwa nyuma na kutiwa nyingine kwa gharama ndogo sana. Pedeli nzuri huwa na pini nane hadi kumi na mbili kila upande, zenye kutokeza milimita nne au tano, na aghalabu zile za pembezoni ndizo muhimu kuliko za katikati. Mwenye kununua na aifungue pini moja mbele ya muuzaji, ikiwa muuzaji ni mwungwana, na aulize bei ya pakiti ya pini za akiba. Pedeli isiyopatikana pini zake ni pedeli yenye ajali iliyokwisha kuandikwa. Hata hivyo si haki kuzisifu pini bila ya kutaja madhara yake, kwani zile zile zishikazo soli hukwaruza ngozi pia, na mguu ukiteleza pedeli huzunguka na kuupiga muundi kwa ukali. Kwa hiyo mwanagenzi akivaa kinga za miundi hajionyeshi kuwa mwoga, bali ametumia akili, na zaidi ya hayo anaweza kuzishusha pini kwa kutia washa ndogo chini ya vichwa vyake mpaka atakapozoea.

Lakini pini ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili iko chini ya mguu wa mnunuzi. Pini ya chuma iliyo bora kuliko zote haina la kufanya mbele ya soli ngumu kama ubao, wala mbele ya kiatu cha mbio chenye mifereji mirefu na sponji nene iliyobonyea, ambacho hukalia pini kwa mabonge machache na kuuacha unyayo ukiyumba. Kinachotakiwa ni soli bapa ya raba laini, yenye ugumu wa kadiri ili mguu usichoke kwa kuipinda. Kampuni ya Five Ten ya Marekani, aliyoiasisi Charles Cole mwaka 1985, ilitengeneza raba iitwayo Stealth kwa ajili ya wapanda majabali, na raba hiyo ilipotiwa katika viatu vya baiskeli ikawa ndiyo mizani ambayo wengine wote hujipima nayo. Adidas waliinunua kampuni hiyo mwaka 2011. Viatu hivyo ni ghali, lakini asiyeviweza na atafute katika mitumba raba za wale wanaocheza juu ya ubao wa magurudumu, ambazo soli yake ni bapa na laini kwa makusudi yanayokaribiana na haya. Nasema bila ya kusita kwamba pedeli ya bei ya chini pamoja na soli nzuri hushika kuliko pedeli ya bei ya juu pamoja na soli mbaya, na kwa sababu hiyo mwenye fedha za kitu kimoja tu na aanze na viatu.

Baada ya hayo litazamwe umbo. Kibao chenye urefu na upana wa takriban milimita 100 hadi 110 huwatosha watu wengi. Mwenye mguu mkubwa anaweza kutafuta kikubwa zaidi, lakini ajue kwamba kila milimita inayoongezwa ni milimita inayoweza kukwaa jiwe. Kibao kilichobonyea kidogo katikati huukumbatia unyayo, na kile kilichotuna katikati, kwa kuwa ekseli imepita humo, huusukuma mguu uelekee kando. Jambo hili mnunuzi anaweza kulipima kwa kulaza rula juu ya pini na kutazama mwanga upitao chini yake. Wembamba nao ni sifa njema, kwa kuwa pedeli nyembamba hupita juu ya mawe ambayo pedeli nene ingeyagonga. Lakini wembamba hudai beringi ndogo na kazi ya ustadi, na hapo ndipo bei ipandapo. Mwenye fedha haba na aridhike na unene wa milimita 15 hadi 18.

Katika habari ya nyenzo, wanunuzi wengi hudanganywa na macho yao, kwani mtu huona madini akadhani uimara, akaona plastiki akadhani unyonge. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na methali hiyo huwasibu barabara wauzao pedeli za alumini iliyomiminwa katika kalibu, ambayo ni kavu, na pembe zake hukatika kwa pigo; lakini haiwasibu watengenezaji wa pedeli za nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Nailoni hiyo haipati kutu, haipigi kelele, na ikikwaa mwamba huteleza juu yake ilhali alumini hujichimbia na kusimama. Pedeli za namna hii, kama Chester ya Race Face, Stamp 1 ya Crankbrothers na ile ya OneUp, zimekuwa zikiuzwa ng'ambo kwa takriban dola 50, yaani theluthi moja ya bei ya pedeli za alumini zilizochongwa kwa mashine, au pungufu ya hapo. Na jozi yake huwa na uzito wa takriban gramu 350, hata mara nyingi zikawa nyepesi kuliko za alumini zilizo ghali kuzishinda. Aibu yake ni kwamba kibao huchubuka upesi na kuchakaa sura, na pini iliyopigwa sana inaweza kuling'oa tundu lake. Lakini mwenye akili hununua pedeli ili aikanyage.

Ndani ya kibao imo ekseli, na katika ekseli hapana masihara: iwe ya chuma madhubuti kilichotiwa kromu na molibdeni, kwa kuwa ekseli ikikatika katika mteremko hakuna pini itakayomwokoa mtu. Beringi zinaweza kuwa gololi zilizo huru, au beringi zilizofungwa katika kikombe chake, au bushi, na kila moja yafaa ikiwa imetengenezwa vizuri na inaweza kufunguliwa na kutiwa grisi. Muuzaji atakupigia pedeli kwa kidole ikazunguka muda mrefu, kisha atakutazama akingoja usifu. Usisifu, kwa maana pedeli yenye kuzunguka kwa uzito kidogo ni afadhali, kwani hubaki imelala pale pale mguu ulipoiacha na kuupokea tena. Bora uishike ekseli kwa mkono mmoja na kibao kwa mkono wa pili, ukitikise: kikicheza huku na huku, au ukisikia mchanga ndani yake, irudishe ilikotoka, hususa ikiwa ni pedeli iliyokwisha kutumika.

Limesalia jambo la hesi, ambalo limewagharimu watu fedha nyingi kuliko pedeli zenyewe. Baiskeli nyingi za watu wazima zina mikono ya pedeli yenye tundu la inchi 9/16, na baadhi ya baiskeli za watoto, ambazo mikono yake miwili imefuliwa kuwa chuma kimoja, zina tundu la inchi 1/2. Hizi mbili haziingiliani, wala fundi asikubali kuzilazimisha. Pedeli ya kulia hukazwa kama skrubu yoyote, na ya kushoto ina hesi ya kinyume, kwa kuwa mzigo unaozunguka juu ya ekseli huibiringisha kidogo kidogo ndani ya tundu lake, na kama hesi ingekuwa moja pande zote mbili, pedeli ya kushoto ingejifungua yenyewe njiani. Ndugu Wilbur na Orville Wright, kabla ya kuruka angani mwaka 1903, walikuwa mafundi baiskeli mjini Dayton katika jimbo la Ohio, na walikuwa miongoni mwa waliotia hesi ya kinyume katika pedeli ya kushoto. Kanuni ya kukumbuka ni sahali: kwa pande zote mbili, sehemu ya juu ya spana ikielekezwa gurudumu la mbele pedeli hukaza, na ikielekezwa gurudumu la nyuma hulegea. Tia grisi katika hesi, anza kwa vidole vitupu mpaka ekseli iingie mizunguko kadhaa bila ya kukwama, ndipo utumie spana ya milimita 15 au ufunguo wa pembe sita. Kwa maana mikono ya alumini ni laini, na hesi ikiingia upande huiharibu, nayo bei yake hushinda jozi nzima ya pedeli.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye fedha haba na anunue kwanza viatu vyenye soli bapa ya raba laini. Kisha pedeli ya nailoni yenye ekseli ya chuma, beringi zinazofunguka, na pini za chuma zilizotiwa kwa chini. Kisha pakiti moja ya pini za akiba. Kikimsalia chochote, asikitumie kutafuta pedeli nyembamba zaidi au nyepesi zaidi, bali akipeleke katika breki na matairi, kwa kuwa pedeli njema humshika mtu juu ya baiskeli yake, lakini haiwezi kuisimamisha.