Unataka kutengeneza singeli yako? Hizi hapa hatua, tangu mdundo wa kwanza hadi faili la mwisho

Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar ili uanze kutengeneza muziki. Uwe Kifaru, Mwanga mjini au Same, laptop ya kawaida na hedifoni vinatosha kukufikisha kwenye wimbo kamili wa kuchezeka. Wapo wanaotumia simu janja peke yake.

Tena Tanzania tuna mfano wetu wenyewe: singeli.

Ilianzia wapi?

Singeli ilikulia uswahilini Dar es Salaam, kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Ma-DJ wa vigodoro walichukua vipande vya ala vya taarabu, wakavipandisha kasi, wakavirudia-rudia huku MC akimwaga maneno juu yake. Nyuma yake kulikuwa na mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya betri na spika zinazopasuka.

Baadaye maprodyuza walihamia kwenye programu za kompyuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya mkusanyiko iitwayo Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka 2019 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, na 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella. Muziki uliopikwa kwenye kompyuta za uswahilini ukawa unapigwa kwenye majukwaa ya Ulaya.

Haya, tuingie jikoni.

1. Chagua programu

FL Studio ndiyo maarufu kwa maprodyuza wengi wa Bongo. Ilitoka 1997 ikiitwa FruityLoops. Toleo lake la majaribio ni la bure na linakuruhusu kutoa wimbo, ila huwezi kuifungua tena kazi uliyoihifadhi mpaka ulipie. LMMS ni ya bure kabisa kwenye kompyuta. Kwa simu kuna BandLab, nayo ya bure.

Jihadhari na programu zilizovunjwa zinazogawiwa kwenye flash. Nyingi hubeba virusi, na kirusi kimoja kinaweza kukufutia kazi ya miezi.

2. Weka kasi

Kasi hupimwa kwa mapigo kwa dakika, yaani BPM. House nyingi huwa karibu na 120. Singeli hukimbia kati ya 200 na 300.

Tuchukue 240. Hapo kila pigo ni robo sekunde, na baa moja ya mapigo manne ni sekunde moja kamili. Kwa hiyo wimbo wa dakika 3 una baa 180. Hesabu hiyo itakusaidia mbele.

3. Anza na ngoma

Kwenye programu nyingi utaona mstari wa vyumba 16. Hiyo ni baa moja. Weka kiki (si ile ya mastaa, ni ngoma nzito ya chini) kwenye chumba cha 1, 5, 9 na 13. Weka snea au makofi kwenye cha 5 na 13. Haihati ikae cha 3, 7, 11 na 15.

Cheza. Huo ni mdundo wa dansi unaojulikana dunia nzima. Sasa uupe mbio: jaza ngoma ndogo kwenye vyumba vilivyobaki, lakini usizipe zote nguvu sawa. Nyingine ziwe kubwa, nyingine za kunong'ona. Zikilingana zote, biti inasikika kama cherehani.

4. Besi na melodi

Besi isigombane na kiki. Zikipiga kwa pamoja chini kabisa, sauti inakuwa tope. Iweke besi kwenye nafasi ambazo kiki imenyamaza, au ipunguze kidogo kila kiki inapogonga.

Melodi iwe fupi. Noti tatu hadi tano zinatosha. Kwa kasi hii, melodi ndefu itampotezea msikilizaji mwelekeo na itambana MC.

5. Tafuta sauti ambayo mwenzako hana

Hapa ndipo biti inapoacha kuwa ya kila mtu. Vipande vya sauti vinavyokuja na programu wanavyo maelfu ya watu. Toka nje na simu yako. Rekodi honi za mabasi ya barabara kuu, treni ya reli ya Tanga–Moshi, mvua kwenye bati, mwiko ukigonga sufuria. Kata kipande kifupi, kiweke mahali pa snea, usikilize.

Kumbuka jambo moja: ukikipandisha kipande kutoka BPM 120 hadi 240 bila kitu kingine, kinachukua nusu ya muda na sauti yake inapanda oktavu nzima. Ndiyo ile sauti nyembamba ya kitoto unayoisikia kwenye singeli nyingi. Kama huitaki, programu nyingi zina kitufe cha kubadili kasi bila kugusa sauti.

6. Toka kwenye lupu, fika kwenye wimbo

Wengi hukwama hapa. Wana lupu kali ya sekunde 8, wanaisikiliza wiki nzima, wimbo hauishi.

Gawa zile baa 180 kwa mafungu ya 16. Kila fungu, ongeza au toa kitu kimoja. Anza na ngoma ndogo tupu. Leta melodi. Kata kiki kwa baa 4, watu wajiulize kuna nini, halafu irudishe na besi kwa pamoja. Ukimya huo mfupi ndio unaomrusha mtu kwenye kiti.

7. Miksi

Shusha sauti za kila chaneli kwanza, ndipo upandishe unayoihitaji. Taa nyekundu ikiwaka kwenye chaneli kuu, sauti inakatika.

Halafu sikiliza kwenye spika ya simu. Besi ya chini sana haitoki kwenye simu, na wasikilizaji wako wengi wako huko. Besi ikipotea kabisa, iongezee sauti ya kati kidogo ili sikio liifuate. Maliza kwa kuijaribu kwenye spika ya duka au ya bodaboda.

8. Toa faili, tunza kazi

Toa matoleo mawili. WAV ni ya kuhifadhi, na dakika 3 hula takriban MB 30. MP3 ya ubora wa juu kwa dakika hizo hizo ni kama MB 7, hiyo ndiyo ya kutuma bila kumaliza bando.

Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, umeme hautoi taarifa. Na nakala ya pili isikae kwenye laptop hiyo hiyo.

9. Wimbo ni wa nani?

Hili wengi hulikumbuka pesa ikishaingia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoitengeneza. Kuisajili COSOTA kunakupa ushahidi mzuri pale ugomvi unapotokea.

Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda na mwenzako. Ukichukua kipande cha taarabu ya mtu bila ruhusa, hata ukikikimbiza mpaka BPM 300, bado ni chake. YouTube ina mfumo unaotambua sauti, na mwenye kipande anaweza kuchukua mapato au kuzuia wimbo wako. Singeli ilianza kwa kuazima, lakini leo anayeazima bila ruhusa anaweza kuambulia views tu.

Na ukikaa na MC, andikeni kabla ya kutoa wimbo: nani katengeneza biti, nani kaandika maneno, kila mmoja anapata asilimia ngapi. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuanzia. Ikikosekana, wimbo ukishika, prodyuza ndiye anayesahaulika kwanza.

Leo usiku anza na zile ngoma nne za hatua ya 3. Kesho asubuhi zisikilize tena. Zikikufanya utikise kichwa, endelea.