Wamama, maua yanaliwa? Namna tulivyoomba msaada wa kupamba kiwanja chetu



Tangu miti ile midogo ionekane mbele ya kituo cha afya cha kartie yetu, hapa Lubumbashi, wengi mmetuuliza: "Franga zilitoka wapi? Mlimjua nani?" Hatukumjua mtu. Tuliandika, tukakataliwa, tukaandika tena. Juma hili tunawaeleza njia yote, ili kikundi kingine kisianguke mahali tulipoanguka sisi.

Kile kiwanja mnakijua. Kila nyumba ilitupa uchafu pale. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, maji yalishuka na udongo na plastiki mpaka kwenye mlango wa kituo. Na katika joto la mwezi wa kumi, siku ya kilo, wamama walisimama juani na watoto mgongoni, kwa maana hakukuwa hata mti mmoja wa kivuli.

Tulipoleta wazo katika mkutano, mama mmoja alisimama akasema: "Mfuko wa unga umepanda bei, na ninyi munataka kuomba franga za maua? Maua yanaliwa?" Watu walicheka, lakini neno lake lilikuwa zito. Ni kambo mmoja aliyejibu. Alisema: "Mwanangu, maua hayaliwi. Lakini mtoto akicheza kwenye uchafu, franga za unga zinaenda kwa dawa. Unga huo utaununua na nini?" Tukakubaliana kuomba.

Mara ya kwanza tuliandika kwa haraka. Kijana wa kupiga mashini alitutengenezea barua ya Kifaransa kizuri sana, yenye maneno makubwa ya usafi na uzuri wa mji. Chini tuliweka dola 10.000, bila kueleza za nini. Kisha miezi miwili jibu lilifika: hapana. Sababu zilikuwa tatu. Shirika halikuwa na karatasi za serikali. Hakuna aliyeonyesha kiwanja ni cha nani. Na hesabu haikueleweka.

Uchungu mkubwa haukuwa barua ile. Kwa bomba la maji watu walianza kusema kwamba mama kesie wetu alikula franga. Wamama sita waliacha kuja. Mama kesie alilia, akaleta daftari lake mbele ya wote, tukalisoma mstari kwa mstari. Tulikuta kwamba alilipa mashini, fotokopi na taksi kwa mfuko wake mwenyewe. Shirika lilikuwa na deni lake la franga 14.000. Tulimlipa siku ile ile, tukaamua tangu leo daftari linasomwa katika kila mkutano, franga ziwepo au zisiwepo. Wanne kati ya wale sita walirudi.

Basi tulianza upya. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Karatasi za shirika. Katika inchi yetu, mashirika yasiyotafuta faida yanaongozwa na sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Inatakiwa kuwa na statuti, sheria za ndani na majina ya viongozi, kisha kuomba utambulisho kwa wizara ya sheria. Njia hiyo inachukua muda na inadai gharama. Wakati tunangoja, tuliungana na shirika lenye karatasi kamili, likaomba kwa jina lake na letu. Lakini tuliandikiana kwanza: nani anashika franga, nani anatia sahihi, nani anaandika ripoti. Msiungane kwa mdomo tu.

Kiwanja. Tulienda kwa shefu wa kartie, kisha komini, kisha kwa wapima viwanja, tukauliza kama hakuna mwenye kununua sehemu ile. Tulirudi mara nne. Karatasi yenye muhuri ilipopatikana, tulifanya fotokopi tatu na kuziweka katika nyumba tatu. Ukipanda miti kwenye kiwanja cha mtu, siku moja atakuja na matofali.

Konte ya banki. Tulichagua sahihi mbili kati ya tatu, ili mtu asitoe franga peke yake. Pale dirishani mmoja wetu aliulizwa barua ya bwana wake. Wamama, sikieni vizuri: sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha Sheria ya Familia, na mke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili atie sahihi au afungue konte. Tulijibu hivyo kwa heshima, tukaomba kumwona mkubwa wa kazi. Konte ilifunguliwa asubuhi ile ile.

Hesabu. Tulizunguka sokoni na kwenye vitalu vya miti, tukaomba proforma ya kila kitu: miche, mbolea, mabomba, mbao za viti, mapipa ya uchafu. Tuliweka pia maji ya kumwagilia, kwa sababu kwetu mvua zinakatika mwezi wa ine na hazirudi mpaka mwezi wa kumi. Mti usiopata maji katika kipindi hicho cha kwanza unakufa. Kisha tukaandika tunachotoa wenyewe: siku za salongo, majembe yetu, na sehemu ndogo ya likelemba. Mfadhili anataka kuona mkono wako kabla ya kufungua wake.

Sababu. Hapa tulitupa yale maneno makubwa. Tulikaa kwenye kituo siku tano za kilo, tukahesabu wamama wanaongoja juani na saa wanazongoja. Tulieleza pia tutapanda nini na kwa nini: miembe na miavokado kwa kivuli na matunda, na majani ya vetiver kando ya mfereji, kwa maana mizizi yake inashuka chini sana na kushika udongo. Ukurasa mmoja ulitosha.

Mnauliza mlango gani wa kubisha. Iko programu ya misaada midogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayopitia PNUD. Ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vikundi vya wananchi kama vyetu. Kwa wale wanaoishi karibu na migodi, sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inadai kila kampuni itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yake. Ulizeni nani anawakilisha mtaa wenu katika kamati inayosimamia franga hizo, na kama kuna mama ndani yake. Balozi nyingine pia zinatoa misaada midogo. Na mtu akiwaomba franga ili "asukume dosie", mwacheni aende.

Mara ya pili tulikubaliwa, lakini kwa nusu ya tuliyoomba. Tulikaa tena, tukachagua: mfereji, miti, viti na mapipa vibaki, maua yatoke. Juma lililofuata wamama walianza kuleta matawi na mizizi kutoka viwanja vyao, kila mmoja na alichokuwa nacho. Yule mama aliyeuliza kama maua yanaliwa alikuja na ndoo ya miche ya lengalenga. Akapanda mistari miwili karibu na mlango, akasema: "Haya yangu yanaliwa."

Kazi haijaisha. Tulipanda miti 40. Mbuzi walikula 6, na 3 imekauka. Kila avenyu ina siku yake ya maji, lakini avenyu mbili bado zinasahau, na zinajijua. Hatuwezi kwenda kuomba tena kwa mfadhili na miti iliyokufa.

Kikundi kinachotaka kuona barua yetu, ile iliyokataliwa na ile iliyokubaliwa, kije siku ya posho kisha salongo, kwenye viti vipya. Tutazisoma pamoja. Na kila mmoja aje na ndoo yake ya maji.