Maana ya Namba: Ulinganisho wa Kadi Mbili za Michoro, GTX 970 na GTX 980

1.0 Utangulizi

Kila kifaa cha kompyuta huuzwa pamoja na maelezo yake ya kiufundi, yaani orodha ya namba zinazoeleza kifaa hicho kimeundwaje na kina uwezo gani. Mnunuzi huziamini namba hizo kuliko anavyoyaamini maneno, kwa kuwa namba hudhaniwa kuwa haina utata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba namba nayo, ikishaingia katika sentensi, hufuata kanuni za lugha: huweza kuwa ya kweli na wakati huohuo ikamfikisha msomaji kwenye hitimisho lisilo la kweli. Mifano yetu ni kadi mbili za michoro zilizotolewa na kampuni ya Nvidia ya Marekani mnamo Septemba 2014, yaani GeForce GTX 970 na GeForce GTX 980.

Kadi ya michoro ni bodi inayochomekwa ndani ya kompyuta, yenye prosesa na kumbukumbu zake yenyewe. Kazi yake kuu ni kukokotoa rangi ya kila nukta inayoonekana kwenye skrini, mara nyingi kwa kila sekunde.

2.0 Sifa za Kadi Hizi

Kadi zote mbili zilitumia chipu ya aina moja, iitwayo GM204, yenye transista zipatazo bilioni 5.2. Chipu hiyo ina makundi 16 ya viini vya kukokotolea, na kila kundi lina viini 128. Katika GTX 980 makundi yote yalifanya kazi, hivyo viini vilikuwa 2,048. Katika GTX 970 makundi matatu yalifungwa, vikabaki viini 1,664. Kufunga sehemu za chipu ni desturi ya kawaida ya viwanda hivi: chipu yenye kasoro mahali pachache haitupwi, bali sehemu hizo huzimwa na chipu ikauzwa kwa bei nafuu.

Kasi ya msingi ilikuwa megahezi 1,126 kwa GTX 980 na 1,050 kwa GTX 970. Matumizi ya umeme yalikadiriwa kuwa wati 165 na 145, na bei za kuanzia nchini Marekani zilikuwa dola 549 na 329. Mintarafu ya kumbukumbu, kadi zote mbili zilielezwa kwa namba zilezile: gigabaiti 4, njia yenye upana wa biti 256, na kasi ya gigabaiti 224 kwa sekunde.

3.0 Utendaji

Tukizidisha idadi ya viini kwa kasi ya msingi, tunapata kwamba GTX 970 ilikuwa na takriban asilimia 76 ya uwezo wa mwenzake. Hata hivyo, katika michezo mingi ya kompyuta iliyotumiwa kuzipima, ilitoa kati ya asilimia 80 na 90 ya picha zilizotolewa na GTX 980 kwa sekunde, ilhali bei yake ilikuwa asilimia 60 tu. Sababu ni mbili. Kwanza, kadi hizi hujiongezea kasi zikiwa kazini, na hapo tofauti ya kasi baina yake hupungua. Pili, utengenezaji wa picha hautegemei viini pekee, bali pia kasi ya kumbukumbu.

4.0 Gigabaiti Nne za Aina Mbili

Mnamo Januari 2015, baada ya watumiaji kutilia shaka namna GTX 970 ilivyotumia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 3.5, kampuni ilitoa ufafanuzi. Vitengo vya kukamilishia picha, vilivyotangazwa kuwa 64, vilikuwa 56. Na akiba ya haraka iliyomo ndani ya chipu haikuwa megabaiti 2 bali 1.75. Kampuni ilieleza kuwa kosa hilo lilitokana na kutoelewana baina ya wahandisi na idara ya masoko.

Ama kumbukumbu yenyewe, gigabaiti 4 zilikuwepo. Zilikaa katika chipu nane, kila moja yenye nusu gigabaiti. Tuifananishe kadi hii na nyumba yenye vyumba vinane, ambapo saba vina milango yake na cha nane huingiwa kwa kupitia mlango wa jirani yake. Vyumba saba vya kwanza, yaani gigabaiti 3.5, vilihudumiwa kwa kasi ya gigabaiti 196 kwa sekunde. Cha nane kwa gigabaiti 28 tu. Jumla ya kasi hizo ni 224 kama ilivyotangazwa, lakini sehemu hizo mbili haziwezi kusomwa kwa wakati mmoja.

5.0 Semantiki na Pragmatiki ya Maelezo

Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Dai la vitengo 64 halikuwa kweli kisemantiki. Dai la gigabaiti 4 lilikuwa kweli, lakini lilikuwa na upungufu wa kipragmatiki. Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kuwa mazungumzo huongozwa na ushirikiano: msikilizaji hutarajia kupewa taarifa inayotosheleza haja yake. Anayeambiwa "gigabaiti 4" bila nyongeza yoyote ana haki ya kuelewa kuwa zote zinatumika kwa namna moja. Mwenye nyumba anayetangaza vyumba vinane hajasema uongo. Hata hivyo mpangaji wa chumba cha nane atalalamika.

Wanunuzi nchini Marekani walifungua shauri huko California, na mwaka 2016 kampuni ilikubali kulipa dola 30 kwa kila kadi bila kukiri kosa.

6.0 Hitimisho

Ni muhimu kutambua kwamba vipimo vya utendaji vilivyofanywa Septemba 2014 havikubadilika baada ya Januari 2015. Kadi ilikuwa ileile; kilichobadilika ni maelezo yake. Kwa hiyo anayelinganisha vifaa viwili na atangulize vipimo vya kazi anayokusudia kuifanya, kisha orodha ya sifa imsaidie kueleza matokeo hayo. Nao wafasiri na waundaji wa istilahi za Kiswahili wasiridhike na kupata kisawe cha neno "kumbukumbu". Maelezo yanayomfikia mnunuzi kwa Kiswahili hayana budi kumwambia ni kiasi gani kipo, na pia kiasi hicho hufikiwaje.