Mwanao anakesha na riwaya ya vita? Usikimbilie kumnyang'anya

Bagamoyo. Saa sita usiku, nyumba nzima imelala, lakini chini ya shuka la mtoto wa kidato cha pili kuna mwanga wa simu. Mzazi anafungua mlango akidhani atakuta mambo ya aibu. Anakuta kitabu: mji wa miaka ijayo, makundi yanayowindana, na kila baada ya kurasa chache kuna maiti.

Riwaya za namna hii zina wapenzi wengi. Mfano ni Divergent ya Mmarekani Veronica Roth, iliyotoka 2011. Watu wa Chicago ya baadaye wamegawanywa katika makundi matano, na kijana akifika miaka 16 lazima achague moja, hata kama ni kuwaacha wazazi wake. Baadaye makundi hayo yanageukiana kwa silaha. Kwa mtoto anayeukaribia umri huo, si kitabu rahisi kuweka chini.

Wazazi wengi huogopa kwamba damu ya kitabuni itamharibu mtoto. Kwa walio chini ya miaka kumi, hofu hiyo ina msingi: akianza kuota ndoto za kutisha au kukataa kulala peke yake, kitabu kisubiri.

Kwa wakubwa, pwani isijifanye haijui hadithi kali. Watoto wake wamesimuliwa jinsi Fumo Liyongo alivyochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, vilivyofika hadi hapa Bagamoyo kabla hajanyongwa Pangani Desemba 1889, vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah. Tofauti ni kwamba hadithi hizo zilisikilizwa mbele ya watu, na mtoto aliyeshtuka alikuwa na wa kumuuliza. Huyu wa leo anasoma peke yake, gizani.

Na hapo ndipo afya inapoingia. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, wanashauri mwenye miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Sasa piga hesabu ya mtoto wa Mapinga au Kerege anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala. Akizima simu saa sita usiku, amelala saa tano. Anadaiwa saa tatu kila siku, na kwa wiki ya shule ni saa 15. Ili apate saa nane, awe usingizini saa tatu usiku. Anayekosa usingizi hivyo husinzia darasani, husahau alichofundishwa na huwa mkali nyumbani, halafu mzazi anasema ni riwaya imemfundisha ukorofi.

Kumnyang'anya simu kwa kelele humfundisha kujificha vizuri zaidi. Kinachosaidia ni simu zote, ya baba na mama pia, kuchajiwa sebuleni usiku. Riwaya isomwe alasiri, na ikiwezekana iwe ya karatasi. Pia mwambie aache katikati ya sura, asisubiri mwisho wake. Waandishi wa vitabu hivi humaliza sura shujaa akiwa amening'inia, na "nimalizie hii tu" ndiyo inayofikisha usiku wa manane.

Kisha msome pamoja kimoja. Kwa Kiswahili kuna Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anawekwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili afie huko. Anafaulu kukiendesha na kutua katika dunia nyingine, ambako watu wanaishi kwa usawa. Mtoto akishafika hapo, mwambie alitenganishe jina la kitabu: wale ni sisi. Muulize "wale" ni akina nani.