Geçmiş olsun: Maana na Matumizi Yake

Miongoni mwa semi za Kituruki zisikikazo kila siku, geçmiş olsun (hutamkwa takriban "gechmish olsun") wastahili kuchunguzwa na kila mfasiri. Geçmiş ni umbo la kitenzi geçmek, "kupita", nalo huonyesha jambo lililokwisha kutendeka. Olsun latokana na olmak, "kuwa", katika hali ya kutakia, nafsi ya tatu umoja. Kwa hiyo maana yake neno kwa neno ni "na liwe limepita".

Usemi huu huambiwa mgonjwa, aliyepasuliwa, aliyenusurika katika ajali, aliyeunguliwa nyumba, aliyetoka kifungoni, hata mwanafunzi aliyemaliza mtihani. La kuzingatia ni kwamba huambiwa pia mtu ambaye taabu yake ingalipo. Mgonjwa yu kitandani, homa yampanda, lakini msemaji huitaja homa hiyo kana kwamba imekwisha kwenda zake: ndiyo dua yenyewe. Mara nyingine hutumika kwa kejeli, kumjulisha aliyechelewa kwamba nafasi imempita.

Kwa Kiswahili twasema "pole", na katika mifano mingi tafsiri hiyo yatosha. Hata hivyo, "pole" yetu humwendea mgonjwa na mfiwa vilevile, ilhali geçmiş olsun haiendi matangani. Mfiwa huambiwa başınız sağ olsun, yaani "kichwa chenu na kiwe kizima": ninyi mliobaki mjaliwe uzima. Ugonjwa huombewa upite, kifo hakipiti. Kumwambia mzazi aliyezika mwanawe geçmiş olsun ni kuufanya msiba wake kuwa mafua.

Tofauti hiyo ilikuwa nzito baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 6 Februari 2023, lililoua watu zaidi ya 50,000 nchini Uturuki. Aliyetolewa hai kifusini alistahili geçmiş olsun. Aliyepoteza jamaa, başınız sağ olsun. Na wengi walistahili zote mbili, kwa kuwa aliyeokoka ndiye aliyefiwa.

Basi mfasiri akutanapo na "pole" katika matini ya Kiswahili, asikimbilie kamusi. Ajiulize kwanza: je, lililompata mtu huyu laweza kupita? Jibu la swali hilo ndilo litakalomchagulia neno.