WATU-NDEGE WALITOKA WAPI? Tunga mwenyewe, ila usije ukawatukana!

Leo hatukwei pipa, leo tunaota mbawa wenyewe.

Vijana wa mjini siku hizi wanatunga kinoma. Wengine wanachora katuni, wengine wanaandika hadithi za dunia za kubuni kwenye simu, na wengine wanakaa mezani usiku kucha wakirusha dadu, kila mmoja akijifanya shujaa wa nchi ambayo haipo. Na katika dunia hizo watu-ndege hawakosekani: kichwa cha mwewe, miguu ya jogoo, mikono ya binadamu. Safi kabisa. Ila ukimwuliza mtunzi, "Hawa jamaa walitoka wapi?", anakujibu, "Waliumbwa na mungu wa anga." Basi, kamaliza! Bwana wee, hiyo si hadithi. Bibi yako angekusimulia hivyo, ungelala kabla hujaitikia "pakawa".

Sasa tufanyeje? Twende kwa wakongwe waliotunga kabla yetu, tuone walivyofanya.

WAKE WENZA NA DENI LA MAMA

Wahindi wana Garuda, ndege-mtu mwenye nguvu za kutisha. Asili yake imo katika Mahabharata, na si ya malaika. Ni ya wake wenza! Kadru na Vinata walikuwa ndugu, mume wao mmoja. Kadru akazaa nyoka, Vinata akataga mayai mawili. Siku moja wakabishana juu ya mkia wa farasi mweupe: ni mweupe au mweusi? Wakawekeana dau, atakayeshindwa awe mtumwa wa mwenzake. Kadru, mtoto wa mjini, akawatuma wanawe nyoka wakajing'ang'anize kwenye ule mkia ili uonekane mweusi. Vinata kaliwa! Akawa mtumwa.

Garuda alipotoka kwenye yai akamkuta mama yake utumwani. Akauliza bei ya kumkomboa. Nyoka wakasema: tuletee kinywaji cha kutokufa kutoka kwa miungu. Akapigana na miungu, akakileta, akakiweka juu ya majani makali, mama akawa huru. Nyoka walipokwenda kuoga kwanza, Indra akapita akakirudisha kwake. Wakabaki kulamba majani, na ndiyo maana ulimi wa nyoka umepasuka hadi leo.

Umeona ufundi wake? Kuna deni, kuna hila, kuna mama. Na mwisho kuna alama mwilini ambayo kila mtu anaiona. Hadithi kama hiyo haichuji: Indonesia walimweka Garuda kwenye nembo ya taifa mwaka 1950, manyoya 17 kila bawa, 8 mkiani na 45 shingoni. Hiyo ni tarehe 17 Agosti 1945, siku waliyotangaza uhuru. Yaani ndege wa kubuni kabebeshwa kalenda ya nchi nzima!

LAANA YA KENKU

Tuje Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ule wa dadu na kuigiza. Mwaka 1981 kikaja kitabu cha madubwana kilichoitwa Fiend Folio, na humo wakatokea watu-ndege wa aina mbili: aarakocra wanaoruka juu milimani, na kenku wanaofanana na tengu, yale mazimwi ya milimani ya Kijapani yenye midomo ya ndege.

Mwaka 2016 kenku walipewa asili nzito. Eti zamani walimtumikia bwana mmoja mkubwa, wakamsaliti. Akawalaani vitu vitatu: wakapoteza mbawa, wakapoteza sauti, wakapoteza uwezo wa kubuni jambo jipya. Tangu hapo kenku anaongea kwa kuiga tu, kama kasuku: mlango unavyolia, mtoto anavyocheka, mtu aliyepita jana alivyosema.

Kama hadithi, ni bomba. Inauma. Lakini itazame tena: taifa zima, hadi kichanga cha jana, limezaliwa bila wazo lake. Kijana akicheza kama kenku hawezi hata kusema sentensi yake mwenyewe. Mwaka 2020 kampuni yenye mchezo huo ilitangaza kuachana na mtindo wa kuonyesha watu wa aina fulani kuwa wabaya kwa kuzaliwa. Kitabu cha mwaka 2022 kikamrudishia kenku mdomo wake: kuiga bado anaiga, tena kwa ustadi, lakini anaongea yake.

Utasema, "Aa, si ndege wa kubuni tu hao? Nani anaumia?" Subiri.

HADITHI ILIYOUA

Hapa jirani yetu kuna hadithi ya asili iliyotungwa na mgeni. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wa maeneo ya Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi. Wakoloni wakaikuza hadithi hiyo Rwanda, ikaingia shuleni, Watutsi wakaitwa wageni waliotoka mbali. Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akasema kwao ni Ethiopia na watarudishwa kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 miili ilielea mtoni hadi Ziwa Victoria. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha Rwanda mwaka 2016.

Kwa hiyo swali la "walitoka wapi" si la mchezo hata kwenye mchezo. Ndani yake kuna jingine: nani mwenye nyumba, nani mgeni.

HAYA, TUTUNGE

Tumchukue mbayuwayu. Ndege huyu anazaa Ulaya, baridi ikianza anatelemkia Afrika, halafu anarudi. Koo lake jekundu, mkia wake panda. Mwili wake tayari unauliza maswali mawili: koo limeiva kwa nini, na kwao ni wapi? Mfanye mtu, mpe dunia yenye nchi mbili, ya Kaskazi na ya Kusi. Sasa sikiliza hadithi mbili.

Ya kwanza wanasimulia wenye nchi, wale wasio na mbawa: "Hawa watu-ndege waliiba kaa la moto jikoni kwa Jua. Wakakamatwa, koo likaungua, wakafukuzwa. Ndiyo maana hawana kwao, kila msimu wanahama."

Ya pili wanasimulia watu-ndege wenyewe, usiku, kwa watoto wao: "Kaskazi na Kusi waligombana, moto wa dunia ukazimika. Likabaki kaa moja tu. Bibi yetu akasema, nchi mbili na kaa moja, nani afe kwa baridi? Hakuna. Akalimeza. Nusu mwaka akalipeleka huku, nusu mwaka kule, na koo likamuungua. Mkia wetu una ncha mbili kwa sababu tuna kwetu mara mbili."

Koo ni lilelile. Kwa hawa ni alama ya wizi, kwa wale ni alama ya deni ambalo dunia haijalilipa. Sasa muweke msichana wa Kibayuwayu sokoni ugenini, mwenye duka amwite mwizi mbele ya watu. Huna haja ya joka wala upanga, hadithi imeshawaka!

Siri ndiyo hiyo, mshikaji. Chagua alama moja mwilini. Weka deni na hila. Kisha simulia mara mbili: wanavyosemwa, na wanavyojisema. Ukiona umeandika ya kwanza tu, ujue umewasikiliza majirani, wenyewe hujawabishia hodi.

Na kama una watu-ndege wako kwenye daftari, hebu watoe leo uwaulize koo zao zina rangi gani. Tukutane wiki ijayo, ruka salama!